Kicho mbele za Mungu mtakatifu wakati wa kuomba, tumekipoteza au?

MamaWawili_Dom

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanikaa moyoni muda sasa nimeona nililete huku maana najua humu kuna Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, Wasabato, kila mtu achangie kwa alivyofundishwa, mimi nataka kujifunza sitaki malumbano ya dhehebu gani liko sahihi.

Ni hivi. Kwenye kikundi chetu cha maombi mtu akisimama kuomba utasikia "Baba katika jina la Yesu Baba, tunakuja mbele zako Baba, Yehova Baba tunakushukuru Baba, tunaomba Baba ukatende Baba", yaani jina linaitwa mpaka linaisha uzito, ukisikiliza vizuri unagundua pale haitwi mtu, ni neno la kuvutia pumzi wakati anatafuta la kusema. Alafu tukishasema amina tu mtu anageuka kwa mwenzake "haki ya Mungu tena nakwambia, jana nilimuona kwa macho yangu", akifika sokoni "Mungu mmoja dada, kwa bei hiyo sipati hata mia" na mwenyewe anajua anapata. Jina ni lile lile na mdomo ni ule ule.

Upande mwingine kuna haya maombi ya kumpangia Mungu. "Mungu nakupa siku saba", "leo sitoki hapa mpaka unijibu", "nakudai Mungu, ni haki yangu". Wengine wanaomba huku wanatafuna bigijii, simu mkononi wanajibu meseji kwa jicho moja. Na watoto wanaona. Wa kwangu mkubwa yuko darasa la 5, sala ya kulala anaisema kwa pumzi moja "Mungu tubariki tulale salama amina" ukimuuliza ulikuwa unaongea na nani anakushangaa.

Nikisoma Isaya 6 nanyamaza. Maserafi hawana dhambi, hawajawahi kumkosea Mungu, bado wana mabawa sita na mawili wanafunikia uso, mawili wanafunikia miguu, mawili ndio ya kurukia, na kazi yao ni kuitana Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Na Isaya aliyekuwa nabii mwenyewe akasema ole wangu, midomo yangu michafu. Aliona midomo kwanza, hakuona mikono wala miguu, midomo! Ndio hiyo hiyo tunayoombea.

Lakini nikigeuza nakutana na Waebrania 4:16, tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Na Yesu ametuambia tumwite Baba. Sasa ndugu zangu nisaidieni, ujasiri unaishia wapi na utovu wa adabu unaanzia wapi? Kuongea na Mungu kama unavyoongea na mtu wa karibu ni kosa? Na hao watoto nawafundishaje wamche Mungu bila kuwatia woga wa kumkimbia?

---

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Amina, asifiwe dada yangu. Umeuliza kitu kizito na nashukuru hujaanza kwa kushambulia watu.

Mimi naanzia kwenye Sala ya Bwana yenyewe maana wanafunzi walimuomba Yesu awafundishe kusali na jibu alilowapa ndilo hilo. Angalia mpangilio wake. Kabla ya mkate, kabla ya kusamehewa, kabla ya kuokolewa na yule mwovu, ombi la kwanza kabisa ni jina lako litukuzwe. Na hilo ombi limekuja baada ya kusema Baba yetu. Kwa hiyo ule ubaba na ule utakatifu Yesu ameviweka kwenye mstari mmoja, Mathayo 6:9, sisi ndio tunavitenganisha kila mtu anabeba anachokipenda. Na yeye mwenyewe alivyosali usiku ule kabla ya kukamatwa, Yohana 17:11, alimwita "Baba mtakatifu". Hivyo hivyo, vyote viwili kwa pamoja.

Sisi Walutheri watoto wa kipaimara wanakariri Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani, Luther aliitoa 1529 baada ya kuzunguka kwenye makanisa ya Saksonia akakuta watu hata Sala ya Bwana hawaijui na wachungaji wengine nao hali mbaya. Pale kwenye ombi la kwanza anaeleza kwamba jina la Mungu ni takatifu lenyewe, haliongezewi utakatifu na sala yetu, ila tunaomba liwe takatifu na kwetu pia. Kivipi? Neno la Mungu likifundishwa kwa kweli na sisi tukaishi maisha ya watoto wa Mungu. Anayefundisha tofauti au kuishi tofauti analinajisi jina. Kwa hiyo huyo mama wa sokoni na "Mungu mmoja" yake, hilo ni jambo la maombi kabisa dada, usidhani umechanganya mada. Asubuhi ameomba jina litukuzwe saa nne analiuza na nyanya.

Ezekieli 36 iko wazi hapo, Mungu anawaambia Israeli kwamba wao ndio wamelitia unajisi jina lake kati ya mataifa kila walikokwenda, na yeye mwenyewe atalitakasa. Yaani wapagani walikuwa wanamjua Mungu kwa kuwaangalia wao, inatisha.

Alafu ile amri ya kutolitaja bure jina la Bwana (kwetu na kwa Wakatoliki ni ya pili, wengine wanaihesabu ya tatu), maelezo ya Katekisimo hayasemi mlitaje kidogo kidogo. Yanasema msilitumie kuapia ovyo, kulaani, kudanganyia, bali mliite katika shida zote, muombe, msifu, mshukuru. Kuliita mara nyingi sio tatizo, zaburi zinaliita kila mstari. Tatizo ni kuliita bila kumwita mwenyewe.

Na kila amri pale maelezo yake yanaanza na maneno yale yale, kumcha na kumpenda Mungu. Yote mawili. Mwanafunzi wangu wa kipaimara akiniambia anampenda Mungu ila kumcha hajui ni nini namrudisha akasome tena, na anayemuogopa tu bila kumpenda naye namrudisha.

Kuhusu maneno mengi, Mhubiri 5:2 inasema Mungu yuko mbinguni na wewe uko chini, kwa hiyo maneno yako yawe machache. Na ukienda Karmeli, 1 Wafalme 18, manabii wa Baali wameita toka asubuhi mpaka adhuhuri na baada ya hapo wakaendelea wakijikatakata, Elia maombi yake ni mistari miwili, wa 36 na wa 37, basi. Ombi lake la kwanza lilikuwa nini? Ijulikane leo ya kuwa wewe ndiwe Mungu. Jina kwanza, moto baadaye.

---

Kijana_wa_Rock_City

Shalom mama, shalom mwinjilisti. Mimi ni Mpentekoste wa Mwanza na nataka kuongea kwa upendo kabisa maana huu mjadala mara nyingi unaishia kwamba sisi wa kupiga kelele ndio hatuna kicho na wale wa kimya ndio wanacho, na hapo mimi napinga.

Tusome 2 Samweli 6 yote, sio nusu. Mwanzo wa sura Uza anakufa. Walikuwa wanalipeleka sanduku la Mungu kwa furaha, vinubi, matari, matoazi, ng'ombe wakakunguwaa Uza akanyosha mkono akalishika akafa pale pale. Watu wanasema Mungu mkali jamani, jamaa alikuwa anasaidia. Lakini sheria ilikuwepo, Hesabu 4:15 wana wa Kohathi wasiviguse vile vitu vitakatifu wasije wakafa, na Hesabu 7:9 inasema walipaswa kuvichukua mabegani, ndio maana wao hawakupewa magari kama Walawi wengine. Sasa gari jipya la kukokotwa na ng'ombe wamelitoa wapi? Kwa Wafilisti! 1 Samweli 6, Wafilisti ndio walilirudisha sanduku kwa gari jipya na ng'ombe. Yaani Israeli walimbeba Mungu wao kwa namna waliyojifunza kwa watu wasiomjua. Mimi hapo ndio naona somo letu, siku hizi maombi mengine tumeyatoa kwa watu wa motisha na biashara, mara "udai haki yako", mara "mpe Mungu dedilaini", hilo ni gari la Wafilisti.

Lakini endelea kusoma. Miezi mitatu baadaye Daudi analileta tena, safari hii linabebwa na watu, hatua sita tu wakasimama wakatoa sadaka, na hapo hapo Daudi anacheza mbele za BWANA kwa nguvu zake zote amevaa naivera ya kitani, lile vazi la kikuhani. Kwa nguvu zake zote! Alikuwa ametoka kuona mtu anakufa kwa sababu ya sanduku hilo hilo, alishasema mwenyewe sanduku la BWANA litanijiaje, na bado anacheza. Kile ndio kicho, mtu anajua kabisa aliye mbele yake ni nani na bado anafurahi kuwa mbele yake. Zaburi 2:11, mtumikieni BWANA kwa kicho, shangilieni kwa kutetemeka. Aliyemdharau siku ile ni Mikali mke wake aliyekuwa amekaa dirishani kimyaaa anaangalia. Kwa hiyo ukimya nao sio kipimo.

Hao wa "Baba Baba" naomba muwahurumie. Mtu ameokoka majuzi, hajawahi kushika maiki, amesimama mbele za watu anatetemeka, unategemea aombe kwa mpangilio? Mtu wa hivyo ukimkosoa hadharani hataomba tena kwa sauti mpaka anakufa. Akue kwanza, mfundishe taratibu, mwambie pumua, nyamaza kidogo kati ya sentensi, Mungu hatoki akinyamaziwa.

Ila la kumwamuru Mungu hapo niko na wewe mama asilimia mia, na nitasema hata madhabahuni. Petro alimwambia kiwete kwa jina la Yesu Kristo wa Nazareti, enenda, Matendo 3:6. Paulo alimwamuru pepo amtoke yule kijakazi, Matendo 16:18. Ndio, tunaamuru pepo, tunaamuru magonjwa kwa jina la Yesu. Baba hawakumwamuru hata siku moja. Wakigeukia kwa Baba Matendo 4 wanaanza "Mola, wewe ndiwe Mungu uliyefanya mbingu na nchi na bahari", wakaomba wapewe ujasiri wa kunena neno lake, na mahali pale pakatikisika. Vijana wenzangu tunachanganya hizo sauti mbili, sauti ya kumkemea shetani tunaenda nayo hivyo hivyo kwa Mungu.

Na wazee wetu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda, Bukoba, Kenya, walikuwa na kelele na vilio kweli kweli, lakini mtu akishaguswa na utakatifu wa Mungu asubuhi anaenda kurudisha mbuzi aliyeiba, anaenda kwa tajiri wake wa zamani kulipa hela aliyochukua. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini mimi.

---

MamaWawili_Dom

Ubarikiwe sana Kijana wa Rock City, ile ya gari la Wafilisti sikuwahi kuiona kabisa nimesoma hiyo sura miaka yote. Na mwinjilisti asante, nimeenda kuangalia Yohana 17 tena.

Naongeza swali kidogo maana limetokea karibu. Kuna dada mmoja alifiwa na mtoto, kwenye maombi ya msibani akasema kwa sauti "Mungu umenionea, nilikukosea nini". Mzee mmoja akamkatisha pale pale akamwambia anakufuru, Mungu ni mtakatifu haulizwi. Yule dada toka siku hiyo haji kwenye maombi. Sasa yule mzee alikuwa analinda utakatifu wa Mungu au?

---

Nyanda_za_Juu_Anglikana

Pole yake huyo dada, na poleni wote. Naomba nijibu hili moja maana linaniuma.

Zaburi ya 22 inaanza Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha. Mstari wa pili analalamika analia mchana na usiku hajibiwi. Mstari wa tatu anasema "Na Wewe U Mtakatifu". Umeona? Malalamiko na utakatifu vimekaa jirani na hakuna aliyemkatisha mwandishi. Na maneno hayo Bwana Yesu aliyachukua akayasema msalabani. Kama kumuuliza Mungu kwa nini ni kufuru basi tutoe zaburi nyingi sana kwenye Biblia, tutoe ya 13, tutoe ya 88 ambayo inaishia gizani kabisa haina hata mstari wa faraja mwishoni, tumtoe na Yeremia 20 na Habakuki. Habakuki sura ya 1 anamuuliza BWANA nilie hata lini wewe hutaki kusikia, sura ya 2 mwishoni ndio tunapata ile ya BWANA yumo ndani ya hekalu lake takatifu, dunia yote na inyamaze kimya mbele zake. Watu wanapenda kunukuu ule wa kunyamaza wanasahau alianza kwa kulia.

Ayubu ndio kabisa. Alisema maneno makali sura nyingi, marafiki zake wakawa wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri yenye heshima zote. Mwisho Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili kwa sababu hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu, 42:7. Na Ayubu huyo huyo ndiye aliyeweka mkono kinywani mwake alipomwona Mungu mwenyewe, 40:4. Hakuna mtu aliyemziba. Alijiziba mwenyewe alipokutana naye.

Naona tofauti iko hivi, yule dada alikuwa anamwambia Mungu, alikuwa bado anaongea naye uso kwa uso. Wana wa Israeli jangwani walimnung'unikia Mungu wakiwa wanaongea wao kwa wao hemani mwao, hapo ndipo palikuwa na shida. Kwa hiyo huyo mzee kwa maoni yangu alikosea, na sisemi hivyo kwa kumdharau, nadhani aliogopa. Kama mna mahusiano naye mwambieni kwa upole aende kwa huyo dada amsalimie, asiende na mistari, aende akae naye tu. Na dada mwambieni zaburi ya 88 ipo, aisome kama yake.

---

Mlei_wa_Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kuingia ila nimesoma yote, mjadala mzuri sana.

Mimi nichangie upande wa mwili maana naona wote mmeongelea maneno. Sisi Wakatoliki tumelelewa mwili nao unasali. Unaingia kanisani unachovya maji ya baraka, unaona ile taa inawaka karibu na tabernakulo, kile kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, unapiga goti mpaka chini kabla hujakaa. Kwenye Misa ule wimbo wa maserafi wa Isaya 6 tunauimba kila Jumapili, Mtakatifu Mtakatifu Mtakatifu, na umeunganishwa na yale makelele ya watu wa Yerusalemu, Hosana, mbarikiwa ajaye kwa jina la Bwana. Yaani malaika waliofunika nyuso na watu wa barabarani na matawi yao wameimbishwa wimbo mmoja. Baada ya hapo kabla ya Baba Yetu padri anatukaribisha kwamba tunathubutu kusema. Tunathubutu! Sio kitu cha kawaida kumwita Baba. Na kabla ya kukomunika tunasema yale maneno ya akida wa Kapernaumu, Ee Bwana sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona. Mtu anasema sistahili kisha ananyanyuka anakwenda kupokea. Dada Dom mimi swali lako la ujasiri na kicho huwa nalipata pale pale kwenye ile foleni.

Zamani Kanisa halikuwa linampa Sala ya Bwana kila mtu. Wakatekumeni, yaani wale waliokuwa wanafundishwa imani, walikabidhiwa wakiwa wamekaribia kubatizwa, wanafundishwa, wanaikariri, alafu wakishabatizwa wanaisali na wenzao kwa mara ya kwanza. Hebu fikiria mtu amesubiri muda wote ule ili aruhusiwe kusema Baba yetu. Hiyo ibada ya kuwakabidhi bado ipo kwenye taratibu za kuwapokea watu wazima. Sisi tuliobatizwa wachanga tumeikuta nyumbani ndio maana tunaikimbiza.

Sisemi goti lenyewe linatosha, wapo wanaopiga goti kama wanafunga kamba ya kiatu. Yesu alimsifu mtoza ushuru aliyesimama mbali hata macho hakuinua, akajipiga kifua, na alichosema ni kifupi mno. Lakini mwili unaukumbusha moyo. Bustanini Gethsemane Yesu alianguka kifulifuli, Mathayo 26:39, na neno alilosema akiwa chini vile ni Aba, Baba, kama alivyoandika Marko 14:36. Kama Mwana mwenyewe alimwita Aba uso ukiwa kwenye udongo, mimi nikalie kochi nimekunja nne niseme huo ndio ukaribu?

Na kwa wanaodhani urafiki na Mungu unaondoa heshima wamtazame mtakatifu Teresa wa Ávila kule Uhispania, 1515 hadi 1582. Aliandika kwamba sala ni urafiki, kuwa mara nyingi peke yako na yule unayejua anakupenda. Na huyo huyo kwenye maandishi yake Mungu anamtaja muda wote kwa cheo cha mfalme mkuu. Mtu alikuwa anaongea naye kila siku wala hakumzoea.

---

Mwalimu_wa_Watoto_Iringa

Nafundisha watoto wa Jumapili nimeona swali la watoto hakuna aliyeligusa sana, nami ndio hapo napojua kidogo.

La kwanza mama, usimtumie Mungu kama fimbo. Ile "ukidanganya Mungu atakuchapa", "Mungu anakuona weee" ikisemwa kwa hasira, mtoto anajifunza kujificha kama Adamu kwenye miti. Ninachowasomea mimi ni Kutoka 20:20, mlima unatoka moshi, ngurumo, watu wamekimbia wamesimama mbali, Musa anawaambia msiogope, maana Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yenu msifanye dhambi. Msiogope na hofu yake iwe mbele yenu, mstari mmoja. Watoto wakubwa wanauelewa haraka kuliko sisi. Nawauliza nyumbani baba akiingia unafanyaje, wanasema nampa shikamoo. Ukishampa shikamoo unamkimbia? Hapana, naomba hela ya daftari. Nawaambia basi.

La pili, mtoto akisali mbio usimkatishe katikati. Subiri amina. Kesho yake kabla hajaanza mwambieni nyote mnyamaze kwanza, zima tivii, kaeni hivyo kimya kama dakika hivi, alafu muulize leo unataka kumwambia Mungu kitu gani na ni nani huyo unayeenda kumwambia. Akijibu ndio aanze. Wa kwangu darasani nawapa kazi ya kutafuta neno moja kuhusu Mungu mwenyewe kabla ya kuomba chochote, mmoja anasema Mungu uliyeumba Ruaha, mwingine Mungu usiyesinzia, mwingine Mungu mtakatifu usiyedanganya. Wanakuja na vitu ambavyo mimi mtu mzima sikuvifikiria. Wafundishe na ile ya Samweli, nena kwa kuwa mtumishi wako anasikia, 1 Samweli 3, ili wajue kuna kusikiliza pia.

La tatu wewe na baba yao mkiomba, pigeni magoti wakiwepo. Msiwaambie kitu.

---

MamaWawili_Dom

Asante mwalimu, asanteni wote kwa kweli sikutegemea kupata kiasi hiki. Kuhusu yule dada wa msiba nimempigia mzee, amekubali Jumamosi twende pamoja, nitabeba na hiyo zaburi ya 88 ila sitaitoa mpaka nione hali yake.

Mwalimu nikusumbue la mwisho, hii "haki ya Mungu" wanangu wote wawili wanaitumia, wameitoa shuleni. Nipige marufuku?

---

Mwalimu_wa_Watoto_Iringa

Marufuku peke yake wataisema wakiwa mbali na wewe mama. Soma nao Mathayo 5:34 mpaka 37, msiape kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo, siyo yenu iwe siyo. Waeleze mtoto anaapa kwa sababu anahisi hataaminiwa. Kwa hiyo kazi ni yenu wazazi pia, akikwambia "mama sikuvunja mimi" umuamini bila kumtaka aape, na akija kubainika amedanganya umuadhibu kwa uongo. Wa kwangu nyumbani ilichukua kama muhula mzima kuisha, mdogo ndio alichelewa.

---

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Naongezea hapo kwa mwalimu, na sisi watu wazima tuache kuwauliza "haki ya Mungu?" tukitaka uhakika. Hilo nalisikia hata kwa wazee wa kanisa.